Annapurna wa Pua Bapa

Kosa lilikuwa la Pramila, na alilikiri mwenyewe: kwanza kwa mumewe, halafu kwa jirani, halafu kwa mwuza maua wa asubuhi ambaye wala hakuwa amemuuliza kitu. Siku ya harusi ya binti yake, katika purukushani zile, alimkabidhi bi harusi mungu siye.

Kwao Satara binti haondoki kwa mama yake mikono mitupu. Nguo atapewa, vyombo atapewa, lakini kitu kimoja ndicho hasa: Annapurna, mungu wa chakula, wa shaba ya manjano, wa kutosha kiganjani, amekaa kitako na upawa wake mapajani. Asubuhi ya harusi bi harusi huketi mbele yake akimdondoshea mchele kidogo kidogo, kisha humbeba hadi kwa mume na kumweka kwenye madhabahu ya jikoni huko. Kila mtu anaelewa maana yake bila kuambiwa. Msichana huyu hakuja kwenu kuomba chakula. Kaja na mwenye chakula.

Sasa Pramila alikuwa na Annapurna wake mwenyewe, yule aliyekuja naye alipoolewa. Mama yake alikuwa mjane asiye na uwezo wa kununua mpya, kwa hiyo akampa wa bibi yake. Kwa ajili ya Ketaki, binti yake, Pramila akanunua mpya sokoni, akampeleka kwa kuhani akaombewa kwa jina la Ketaki. Kesho yake ikiwa harusi, akafanya kile ambacho mwanamke yeyote nadhifu angefanya: akawasugua wote wawili kwa ukwaju na majivu mpaka wakawaka kama jua la saa nne, akawalaza kwenye kitambaa kimoja wakauke. Asubuhi, shangazi mmoja anatafuta pini, mwingine anauliza chai iko wapi, kuhani anapiga kelele kwamba saa njema inapita, Pramila akanyoosha mkono akamchukua mmoja.

Aligundua siku ya pili. Alikuwa anampaka mungu wake unga mwekundu kwenye paji la uso, kama afanyavyo kila siku akiwa bado na usingizi, kidole kikagonga pua. Akafumbua macho vizuri. Tangu aolewe kidole chake hakijawahi kugonga pua, kwa sababu Annapurna wa bibi hana pua. Alisuguliwa kwa ukwaju na bibi, kisha na mama, kisha na yeye, mpaka uso ukawa kama kipande cha sabuni kilichobaki mwishoni mwa wiki. Huyu hapa alikuwa na pua kali kama ya karani wa ardhi.

Sadashiv, mumewe, alicheka mpaka chai ikampalia. Alisema kwamba mungu ni yuleyule, pua tu ndiyo imebadilika, na kuna watu mjini wanalipa pesa nzuri kupata pua kama ile. Pramila hakucheka. Kila alipomtazama yule mgeni aliona dosari nyingine. Ananuka duka. Ananuka mafuta ya mashine, hata baada ya ukwaju, hata baada ya maziwa na asali. Macho yamemtoka kama ya samaki aliyelala mezani tangu juzi, na midomo ameikunja kama mtu aliyeonja mchuzi wa watu akaona haujaiva. Kumwekea chakula ilikuwa kama kumkaribisha mgeni anayekagua kijiko kabla ya kula. Wiki hiyohiyo maziwa yakakatika, na unga ukaingia wadudu. Pramila alitoa jikoni chapati yenye vidoadoa, akadhani ni bizari, mpaka kidoa kimoja kikatembea.

Lakini wadudu unawachekecha, wanatoka. Kilichomnyima usingizi ni kingine. Huyu aliyeombewa kwa jina la Ketaki yuko Satara, anakodoa macho. Na Ketaki yuko Miraj ukweni, kwa watu, na hana wa kwake. Kila Pramila alipopiga simu na kuuliza kama amekula, Ketaki alijibu "nimekula, mama" kabla swali halijaisha. Pramila hakupenda jibu hilo. Mtu aliyekula kweli hutaja chakula. Atakwambia dengu ilizidi chumvi, atakwambia mbilingani zilikuwa chungu. Anayesema nimekula, basi, huyo ana jambo.

Mwezi wa pili ulipoingia, Sadashiv alishauri awaambie tu wakwe ukweli, wabadilishane, wacheke, wanywe chai. Wanaume husema hivyo kwa sababu hawajawahi kuwa mama wa bi harusi. Uende kwa mama mkwe wa mwanao, umwambie naomba nimtoe mungu wa chakula jikoni kwako? Mtaa mzima wa Miraj ungesema Pramila alikuja kuchukua punje mdomoni mwa binti yake. Na huyo mpya wangempokea vipi, kama kiraka? La. Angeenda kutembea kama mama yeyote, angeomba dakika moja ya kusujudu jikoni, na angembadilisha kimyakimya.

"Kama balbu," Sadashiv alisema.

"Kama balbu," alisema Pramila. "Na wewe usimpigie mtu simu."

Akamfunga yule mwenye pua kwenye leso pamoja na konzi ya mchele, maana mungu hasafirishwi mtupu, akamtia mkobani, akapanda basi. Dirishani alikaa bwana mmoja wa makamo akitafuna tambuu. Kila alipotema nje upepo ulimrudishia sehemu yake, na sehemu ya Pramila. Matone mekundu yakamtua kwenye mkono, ya uvuguvugu. Yule bwana akaomba radhi kwa adabu kubwa, akatema tena. Pramila alijifuta kwa ncha ya sari mpaka ngozi ikawasha, kisha akakaa njia nzima ameushika mkono ule mbali na mwili, kama mkono wa kuazima.

Miraj walimpokea kwa heshima zote. Malatibai, mama wa Mukund mume wa Ketaki, ni mama mnene, mwepesi wa kucheka, ambaye akikukumbatia unapotea humo ndani mpaka aamue kukutoa. Alimpa maji na sukari guru, akamuuliza habari za Sadashiv na goti lake, kisha, kabla Pramila hajapumua, akamshika mkono moja kwa moja hadi jikoni kwenye rafu ya miungu.

"Mtazame malkia wetu, mama Ketaki."

Annapurna wa pua bapa alikuwa ameketi juu ya kichuguu cha mchele ndani ya bakuli la fedha. Alivikwa sketi ya hariri ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, jasmini shingoni, taa ya samli mbele yake. Malatibai alieleza, huku akijifuta jicho, kwamba hariri ile ameikata kwenye sari yake ya harusi. Alieleza kwamba siku Ketaki alipomfungua pale, walipoona uso umelika, nyumba nzima ilinyamaza. Watu wengine huwapa mabinti zao kitu cha dukani. Huyu ametoa wa ndani kwake, wa bibi zake. Alikwisha kuuambia mtaa mzima. Kuna jirani mwenye binti-mkwe aliyekuja na Annapurna wa juzijuzi, tangu hapo jirani huyo hapiti mbele ya nyumba hii kifua mbele.

Pramila alisema ni wajibu tu, mama Mukund. Akajisikia vibaya namna maneno yale yalivyotoka laini, kama samli.

Ketaki alikuja akamgusa miguu mama yake. Alikuwa anatabasamu. Pramila alimnyanyua akamtazama kama wanavyotazama akina mama, kwa haraka na kila mahali kwa pamoja: mtulinga umetokeza, mashavu yameingia, na bangili za kijani ambazo siku ya harusi zilipitishwa kwa sabuni, leo zinateleza zenyewe mpaka kwenye kiwiko. Akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Akamuuliza kama anakula.

"Nakula, mama," alisema Ketaki, na kukimbilia chungu.

Chakula kikawa tayari. Wa kwanza kula alikuwa mungu. Malatibai mwenyewe alitoa sahani ndogo ya fedha, akaipangusa ingawa ilikuwa inameta, akaweka wali wa moto, dengu, samli, kachumbari, chapati tamu iliyokunjwa. Akaizungushia maji kwa kiganja, akafumba macho, akasubiri kwa unyenyekevu mpaka Annapurna ale ashibe. Pramila naye alifumba macho. Alikuwa anapiga hesabu ni vifundo vingapi kwenye ile sketi.

Kisha wakaketi wanaume na mgeni. Mbao za kukalia zilipangwa pande mbili: huku Vasantrao, baba wa nyumba, na Malatibai aliyesema atamsindikiza mgeni, kule Pramila, na mbele yake uso kwa uso, mkwewe Mukund. Ketaki alibaki wima na vyungu.

Mukund si kijana mbaya. Ni fundi wa pampu mwenye shahada, anavaa shati lililopigwa pasi, anamwita Pramila mama kila baada ya maneno matatu. Kwenye harusi kila mtu alimsifu. Lakini kwenye harusi alikuwa amekaa kwenye kiti akipigwa picha, na hakuna aliyemwona anakula.

Mchana ule kulikuwa na mchuzi wa mlonge, yale maganda marefu kama vijiti. Kila mtu anajua yanavyoliwa: unayafyonza nyama ya ndani, nyuzi unazitoa. Kuna watu wanazitoa kama wanatoa siri, kwa vidole viwili, ukingoni mwa sahani. Mukund alitafuna kigongo kizima mpaka akakigeuza bonge, akalizungusha mdomoni likapita kushoto likapita kulia, kisha akainama na kuliachia lianguke lenyewe. Pwa. Uzi mmoja wa mate ukabaki umeunganisha mdomo na sahani. Akaukata kwa kidole gumba, na gumba akalirudisha kwenye wali. Likafuata jingine. Yakawa kilima, ya kijani-kijivu, yametota, yanameta. Halafu akamimina mtindi juu ya wali, akaukanda kwa kiganja kizima kama anapiga udongo wa ukuta, mpaka mtindi ukamtokea katikati ya vidole, ukamchuruzika hadi kwenye saa. Akalamba saa.

Vasantrao, kwa upande wake, alikuwa na koo. Kila tonge la tatu alivuta kitu kutoka mbali sana huko chini, akakileta mpaka juu, watu wote wakasubiri, kisha akakimeza.

Pramila alitazama dengu yake ikaanza kumtazama. Alihesabu maua ya ukutani. Alifikiria limau. Tonge lilifika kooni likakataa, likapanda, akalishusha kwa maji, na maji nayo yalikuwa na harufu ya samli. Mukund akamuuliza mbona mama hali. Akasema anakula, baba. Mukund akasema, mdomo umejaa na yaliyomo yote yanaonekana, kwamba mkono wa Ketaki ni mtamu hauna mfano. Na Pramila, kwa adabu ile ile aliyofundishwa utotoni na ambayo siku nyingine angeipiga kofi kama ingekuwa na shavu, akamsifu. Alisema mtu anayekula hivi humpa mpishi moyo. Malatibai akafurahi. Akaeleza kwamba Mukund alikuwa hivyohivyo tangu mdogo, akimaliza kula unaweza kusoma kwenye sahani yake kila alichopewa.

Ketaki alipita na chungu, akamwongeza Mukund. Hakuitazama sahani.

Walimaliza. Wanaume wakaenda sebuleni kulala lala. Malatibai alikwenda kutafuta sinia la tambuu, na mwuza mboga akamwita getini kwa bahati nzuri, na Malatibai hajawahi kumwacha mwuza mboga bila kumweleza ubaya wa mboga zake. Pramila akasema yeye ataingia jikoni kidogo akamsujudie mungu.

Hiyo ndiyo nafasi aliyoifuata kutoka Satara. Rafu ya miungu iko kwenye kona ya ndani, nyuma ya pipa la unga, mwanga wake ni wa taa tu. Akafungua leso. Akafungua ile sketi, vifundo viwili tu, akamnyanyua Annapurna wa bibi kutoka kwenye mchele. Mkono ulimjua palepale. Uzito wake, mgongo wake laini, kile kibonyeo chini ya upawa ambamo gumba lake limekuwa likiingia asubuhi zote za ndoa yake. Alitaka kulia, ila hakuwa na muda. Mkono wa kulia wa zamani, wa kushoto mpya. Ilibaki kumvika huyu sketi, kumgeuza uso ukutani kidogo ili ile pua isionekane mapema, na kuondoka.

Ketaki aliingia na sahani chafu. Hakumwona mama yake. Aliweka sahani karibu na bomba, akaosha ya baba mkwe, akaosha ya mama mkwe, akaosha ya Pramila, akazisimamisha ukutani zichuruzike. Moja hakuiosha. Ile akaibeba, akaketi nayo chini akakunja miguu, akavuta chungu.

Pramila aliijua kabla hajaiona vizuri. Kile kilima kilikuwa bado kinameta.

Ketaki akakisogeza pembeni kwa nyuma ya kidole. Katikati, juu ya ule ute wa mtindi na alama za vidole, akapakua wali, na dengu iliyobaki, ambayo haikuwa nyingi. Akaanza kula haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Kilima kikateleza kidogo kikagusa wali. Akaingiza vidole viwili kwenye tonge, akavuta uzi mmoja mrefu wa mlonge uliokwisha kutafunwa na mtu mwingine, akauweka ukingoni, akaendelea. Hakuutazama hata. Aliutoa kama mtu anavyotoa kijiwe kwenye mchele.

Kile kidole ndicho kilichomuua Pramila, kwa jinsi kilivyokwisha kujua kazi. Mdomo ukamjaa maji ya chumvi. Kila alichokula mchana ule kilisimama wima ndani yake kikauliza mlango uko wapi.

"Ketaki."

Binti alishtuka mpaka wali ukamwagika. "Mama. Ulikuwa wapi?"

"Hiyo sahani ya nani?"

"Ya Mukund."

"Haijaoshwa."

"Haioshwi, mama." Ketaki alishusha sauti, akatazama mlangoni. "Ndivyo hapa. Mke anakula sahani ya mumewe. Ni mapenzi, wanasema."

"Nani anasema? Aliyeila au aliyeichafua?"

"Taratibu, watasikia."

Pramila aliuliza tangu lini. Tangu siku ya kwanza, Ketaki alisema. Mama mkwe naye alikula hivyo kwa baba mkwe tangu aolewe mpaka Ketaki alipofika, na mama yake baba mkwe naye kabla yake, na mtu akikataa ni kama anasema mume wake ni najisi. Mukund mwenyewe hajui kama kuna jambo. Yeye akimaliza ananyanyuka, basi. Mwanzoni Ketaki alikuwa anatapika nyuma ya nyumba, wakadhani ni mimba, wakafurahi sana, ikabidi aache.

"Sasa nimezoea," alisema. "Kuna upande ninaokula, na kuna upande sitazami."

Ndipo macho yake yakashuka kwenye mikono ya mama yake. Yakaenda kulia, yakarudi kushoto.

"Mama. Mbona wako wawili?"

Ketaki ni binti wa Pramila, alielewa upesi. Alitazama ule uso bapa, akatazama ile pua, akaangalia bakuli la fedha lililobaki na shimo katikati ya mchele, akakaribia kucheka. Kisha zikasikika bangili za Malatibai uani, na sauti yake ikimalizana na mwuza mboga.

"Mvike huyo haraka," Ketaki alinong'ona. "Huyu mtie mkobani. Sema ulikuwa unampangusa vumbi. Mama, tafadhali."

Muda ulikuwepo. Vifundo viwili, mkoba uko wazi, leso iko hapo. Wa bibi angerudi Satara jioni hiyohiyo, wa Ketaki angekaa kwa Ketaki, kila mungu mahali pake kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Na Ketaki angemalizia chakula. Pramila alimtazama yule mpya, yule aliyeombewa kwa jina la mwanawe asikose chakula, akajiona anavyomweka pale juu na sahani yake ya fedha iliyopanguswa mara mbili, wa kwanza kula kila siku, na chini yake, hatua chache tu, huyu mwanawe mbele ya sahani isiyooshwa. Kichefuchefu kilipanda tena, na safari hii hakikuwa cha mlonge. Kilikuwa cha ile hariri, na jasmini, na kufumba macho kule, na cha yeye mwenyewe na wajibu wake na lile neno lake la anayekula hivi humpa mpishi moyo.

Hakuvika mtu.

Malatibai aliingia na sinia la tambuu, anacheka bado kwa aliyomwambia mwuza mboga. Akaona bakuli halina mtu. Akamwona Pramila amesimama na Annapurna wawili, mmoja kila mkono, kama mtu aliyeombwa kuchagua. Kicheko kikapungua polepole, hakikukatika mara moja. Akauliza kwa upole kuna nini, mama Ketaki. Akamtazama Ketaki, akaitazama sahani, akarudi kwa Pramila, na bila shaka alidhani ameelewa, kwa sababu uso ukamlainika.

"Ah, hilo," alisema. "Usitie moyoni. Hata mimi mara ya kwanza nililia. Nilikula ya baba Mukund mpaka juzi, nimekufa? Nitazame." Akajipiga nyonga, nyonga ikatikisika.

Ni kweli hakuwa amekufa. Pramila alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike, mama huyu mwema aliyekata sari yake ya harusi, na kutoka sebuleni likasikika lile koo la Vasantrao likivuta kitu kutoka mbali. Akayapiga mahesabu ya makoo yale, miaka yote ile, sahani kwa sahani.

Mukund alikuja mlangoni, kijiti cha meno mdomoni, anaomba maji. Aliona watu wamesimama, akasimama naye. Aliuliza kama mama anajisikia vibaya. Akatoa kijiti, akakitazama kilichonasa, akakirudisha.

"Siumwi, baba," alisema Pramila.

Ketaki alikuwa bado amekaa chini, mkono wa kulia umekauka wali, ameinamisha kichwa. Alisema mama basi, kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye bomba. Sahani tatu zilizooshwa zilikuwa zimesimama ukutani, zinachuruzika.

Pramila aliwaweka miungu wote wawili sakafuni, karibu na goti la mwanawe, nje ya bakuli, bila mchele, bila hariri. Akaivuta ile sahani kutoka mbele ya Ketaki kwa vidole vyake mwenyewe. Ilikuwa ya uvuguvugu upande mmoja. Akaishika mbali na mwili, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama Mukund," alisema, "naomba sahani ya Ketaki."

Malatibai alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama kile kilima. Koo la sebuleni lilifika juu, likasubiri, likameza.

"Sahani yake, mama Mukund. Safi. Nimpakulie mimi."